Usimfundishe mgonjwa peke yake, mfundishe na anayemuuguza

Nafanya kazi wodi ya upasuaji. Asubuhi moja nilimkuta mama aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi, mfuko wake wa mkojo umelazwa juu ya godoro, ubavuni kwake. Uji ulikuwa umemwagika, na binti yake alipoinama kufuta aliona mfuko unakaribia kulowana, akaupandisha kitandani. Alifanya kwa upendo. Ila mfuko ukikaa juu ya usawa wa kibofu, mkojo uliokwisha kutoka hurudi ndani kupitia mpira, na vijidudu hurudi nao. Siku mbili baadaye mama alishikwa na homa na kutetemeka. Vipimo vikaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo.

Siwezi kuapa kwamba ni mfuko ule. Ninachojua ni kwamba nilimpa maelekezo mama mwenyewe, akiwa bado na usingizi wa dawa, akaniitikia, "Sawa, sista." Binti hakuwepo.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kwenye nchi tajiri ni 7. Na kwetu ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha na kumgeuza mgonjwa. Ukimwacha nje ya mafunzo, umeiacha mikono inayomgusa mgonjwa kuliko yako.

Kwa hiyo siku hizi nafundisha kabla ya upasuaji, na narudia saa ya kuona wagonjwa, ndugu wakiwepo. Siulizi tena "mmeelewa?" kwa sababu wote watasema ndiyo. Nasema, "Dada, zamu yako ikiisha mdogo wako akaja kukupokea, utamwambia mfuko huu ukae wapi?" Akinionyesha kwa mkono wake, chini ya kitanda lakini usiguse sakafu, naondoka na amani.

Kunawa nako naonyesha, sihubiri. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono, sekunde 20 hadi 30, mpaka mikono ikauke yenyewe. Ila mikono yenye uchafu unaoonekana inataka sabuni. Watu wengi husugua viganja tu, wakasahau ncha za vidole na kidole gumba. Na lile bakuli moja la kunawia linalozungushwa kwa wageni wote, tafadhali libaki nyumbani. Mmoja amwage maji kwa jagi, mwingine anawe.

Mshono ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wageni wakija wanataka kuuona, basi bandeji inafunuliwa, jasho linafutwa kwa ncha ya kanga. Wengine wakifika nyumbani hufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake kidondani. Nawaambia wasifanye hivyo, na nawaeleza sababu: vidole na nguo hubeba vijidudu, na unga ule hauponyi mshono, unauchafua. Halafu vipeperushi vingi husema "angalia wekundu", na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Bora kuwaambia: ukisikia joto pale, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu au usaha, rudi hospitali. Kidonda kinaweza kuambukizwa hata wiki 3 au 4 baada ya upasuaji, kwa hiyo wahesabu siku 30, wasisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa dripu nina neno moja tu: pakiuma, pakivimba au pakilowana, tuite, hata usiku wa manane.

Kilichobaki ni woga wa kutuuliza. Mgonjwa hawezi kumwambia nesi "umenawa?" mpaka nesi mwenyewe amempa ruhusa, kwa sauti, mbele ya wenzake. Nilipoanza kuitoa ruhusa hiyo, wiki nzima hakuna aliyeitumia. Kisha bibi mmoja, nikiwa nimeshika sindano yake, akanitazama vidole na kusema taratibu, "Mwanangu, umetoka kumshika yule wa dirishani."

Nilimshukuru, nikaiweka sindano kwenye trei, nikaenda kwenye sinki. Niliporudi, wa kitanda cha pili naye alikuwa ananitazama mikono.