Kuhusu seli za wengu kushikamana mabonge

Ndugu, umeuliza kwa nini seli za wengu wa panya zinashikamana mabonge kabla hujazipitisha kwenye safu ya sumaku (mrija wa kutenganisha seli kwa sumaku), ilhali umeongeza DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA. Kwa maoni yangu kosa limo kwenye bafa, yaani mmumunyo unaoweka seli ndani yake: EDTA, kemikali iliyomo humo, hunasa ioni za magnesiamu ambazo kimeng'enya hicho huzihitaji, hivyo DNA inayovuja kutoka kwenye seli zilizokufa hubaki kama ute unaovutika kwenye ncha ya pipeti. Tumia DNase kwanza katika bafa yenye magnesiamu isiyo na EDTA, kisha chuja upya kwa kichujio cha mikromita 70. Wengu wenyewe usiuponde kwa nguvu; mimi huusukuma taratibu kwa kitako cha pistoni ya sindano, bafa ikiwa baridi.