Nisikilize nini kutoka Bunju hadi Posta?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Bunju na ninafanya kazi Posta. Ninatoka nyumbani saa 11 alfajiri, ninabadili gari Makumbusho, na siku ikiwa nzuri ninafika kazini saa 1 na nusu. Jioni ni hivyo hivyo, na mvua ikinyesha ni zaidi. Nimechoshwa na redio ya dereva, ambayo ama ni ubishi wa mpira ama ni matangazo ya dawa za nguvu. Binti yangu ameniwekea kwenye simu programu ya podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni, lakini nilipoifungua nilikuta vipindi vingi mno, nikaifunga. Naomba unitajie vya kunifurahisha, siyo vya kunihutubia, na ukumbuke kwamba bando langu ni la kuhesabu.
Mama wa watoto watatu, Bunju

JIBU: Mama, kabla sijataja hata kipindi kimoja, niseme jambo ambalo wanaopendekeza podikasti hulisahau kwa sababu wao husikiliza wakiwa wamejilaza sebuleni: daladala ina kelele. Injini inaunguruma, konda anagonga bodi, na abiria wa nyuma yako anazungumza na simu kana kwamba aliyempigia yuko ng'ambo ya bonde. Vipindi vingi vinavyosifiwa sasa ni vya marafiki wanne waliozunguka meza, wakikatizana na kucheka kwa pamoja. Nyumbani vinachangamsha, lakini kati ya Tegeta na Mwenge utakachoambulia ni kicheko tu, bila kujua kilichochekesha. Kwa hiyo, anza na vipindi vya sauti moja au mbili, vilivyorekodiwa kwa utulivu na vinavyokwenda kwa mtiririko wa hadithi. Kipimo changu ni hiki: kipindi kikinilazimisha kurudi nyuma mara tatu ndani ya dakika 10, ninakifuta bila huruma, hata kama dunia nzima inakipenda.

Asubuhi, unapokuwa umesimama na kichwa bado kina usingizi, kinachofaa ni kitu kifupi kitakachokwisha kabla ya Makumbusho, maana pale unayahitaji masikio yako yote mawili ili umsikie konda. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hutoa jarida lake la habari siku za kazi, na ndani yake kuna kipengele cha kujifunza Kiswahili, ambamo mtaalamu hufafanua neno au methali moja. Ninakiri kwamba zipo siku ninazolisikiliza jarida lote kwa ajili ya kipengele hicho tu. RFI Kiswahili, idhaa ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, nao wana vipindi vya wiki ambavyo havikai sana, vikiwemo Gurudumu la Uchumi na, kwa wapenda sanaa na mila, Changu Chako, Chako Changu. Ikiwa ulikua ukisikiliza michezo ya redio, itafute Noa Bongo ya DW Kiswahili, idhaa ya Ujerumani: ni michezo ya kuigiza yenye sehemu fupi fupi, inayozungumzia maisha ya vijana, na mara nyingi sehemu huishia pale ambapo moyo unadunda, hivyo utaitamani ya kesho.

Jioni ni habari nyingine. Ukigeuza na gari ukapata siti ya dirishani, una saa nzima na zaidi mbele yako, na hapo ndipo mazungumzo marefu yanapopata nafasi. Kwa Kiswahili cha Tanzania ningeanza na Salama Na, mahojiano ya Salama Jabir, yule tuliyemzoea kama jaji wa Bongo Star Search na kabla ya hapo katika vipindi vya televisheni vya vijana. Hukaa na mgeni mmoja, msanii au mwanamichezo au mtu wa biashara, na humwacha aseme mpaka amalize. Sifa hiyo ni adimu kuliko inavyodhaniwa. Wageni hawalingani, na wengine hujibu kama walioandikiwa majibu, lakini aliye tayari kusimulia alikotoka atakufikisha Bunju hujaona foleni.

Ikiwa Kiingereza hakikupi shida, kuna mfululizo mmoja ambao ningemshauri mtu yeyote wa pwani yetu ausikilize. Unaitwa A History of the World in 100 Objects, na ulitangazwa mwaka 2010 na BBC Radio 4 kwa kushirikiana na jumba la makumbusho la British Museum la London. Msimulizi ni Neil MacGregor, ambaye wakati ule alikuwa mkurugenzi wa jumba hilo, na kila sehemu, ya robo saa hivi, inahusu kitu kimoja tu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu. Usianze na sehemu ya kwanza. Anza na ya pili na ya tatu, ambazo zinahusu zana za mawe kutoka Olduvai, kwetu Arusha, kisha ruka moja kwa moja hadi ya 60, yenye vigae vya Kilwa. Si dhahabu wala taji la mfalme, ni vipande vya vyungu na bakuli zilizovunjika, vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani: vingine vya kaure ya kijani kutoka China, vingine vyenye rangi ya buluu kutoka nchi za Mashariki ya Kati, na vingine vya udongo wa hudhurungi vilivyofinyangwa na kuchorwa papa hapa kwetu. Kutokana na takataka hizo za jikoni anakufumbulia biashara nzima ya Bahari ya Hindi, ya majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na ya miji iliyozaa lugha tunayoandikiana mimi na wewe sasa. Mara ya kwanza nilipoisikiliza nilikuwa nimebanwa mlangoni, mguu mmoja hewani, na sikusikia maumivu. Ukisikiliza sehemu mbili kwa siku, moja ya kwenda na moja ya kurudi, mfululizo wote utakuchukua wiki 10 za kazi.

Upo pia mfululizo wa Serial wa Marekani, ulioanza Oktoba 2014, ambao ndio uliowafanya watu wengi duniani walijue neno podikasti. Katika msimu wa kwanza, wenye sehemu 12, mwandishi Sarah Koenig anaichimba upya kesi ya kijana wa Baltimore, Adnan Syed, aliyehukumiwa kwa mauaji ya msichana waliyesoma naye. Usitafute kwanza mtandaoni kesi hiyo iliishia wapi, utajiharibia. Na uwe macho na vituo: mimi uliwahi kunipitisha changu, nikarudi kwa bodaboda kwa nauli iliyozidi ile ya daladala mara tatu.

Sasa bando. Sauti ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa, na ikiwa ni kilobiti 128 hula takriban MB 58. Hicho si kiasi cha kutisha. Kinachomaliza bando ni kusikiliza podikasti kupitia video, kwa kuwa unalipia picha usiyoitazama, na mara nyingi skrini ikizimika sauti nayo inakatika. Tumia programu ya sauti inayopakua vipindi mapema. AntennaPod, kwa simu za Android, haina malipo, na unaweza kuiagiza ipakue inapopata Wi-Fi peke yake. Mwombe binti aiweke hivyo, kisha uache simu ipakue ukiwa kazini kama kuna Wi-Fi, na njiani uzime data kabisa. Simu yenyewe ikae ndani ya mkoba, mkoba ukae mapajani. Vibaka wa foleni hawapendi chochote kuliko simu inayong'aa kando ya dirisha lililo wazi.

SWALI: Mimi huendesha gari kila asubuhi kutoka Kitengela nikiwapeleka wanangu shuleni Nairobi, mmoja ana miaka 6 na mwingine 9. Wasipopewa simu wanagombana, na wakipewa wananyamaza kama walionyweshwa dawa ya usingizi. Je, kuna kitu tunachoweza kukisikiliza sote watatu?
Baba Kitengela

JIBU: Kipo. Kwa kuwa wanao wanasomeshwa kwa Kiingereza, jaribu Circle Round, kinachotengenezwa na WBUR, kituo cha redio cha Boston. Husimulia ngano za mataifa mbalimbali kwa waigizaji na ala za muziki, na kwa kawaida hadithi moja huwa ya dakika 10 hadi 20. Cheza moja, kisha zima na uwaulize wangemalizaje hadithi hiyo wenyewe. Huo mjadala utawafikisha Mlolongo bila ugomvi, au kwa ugomvi wa maana zaidi. Halafu, Baba, siku moja moja acha podikasti na uwasimulie wewe ile ya sungura na fisi. Ukianza kwa "Paukwa!" nao wakajibu "Pakawa!", hakuna kituo cha redio kitakachokushinda.

SWALI: Ninapanda mwendokasi kutoka Kimara kila siku. Ili nisikie vizuri ninaweka sauti hadi mwisho, na ili nimalize vipindi vingi ninaviendesha kwa kasi mara mbili. Mama yangu anasema nitakuwa kiziwi. Ni kweli?
Kijana wa Kimara

JIBU: Mama yako ana hoja. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa salama kwa hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu, na saa 4 wewe unazimaliza kabla ya Alhamisi. Tafuta spika za masikioni zenye mpira unaoziba tundu la sikio, kwa sababu zikizuia kelele za nje hutahitaji kupandisha sauti. Kuhusu kasi, habari unaweza kuziharakisha kidogo, lakini hadithi na mahojiano yaache yaende kwa mwendo wake, kwa kuwa msimulizi alinyamaza pale aliponyamaza kwa makusudi. Na unaposhuka kituoni kuvuka barabara, chomoa spika zote mbili. Bodaboda wa Morogoro Road hapigi honi mara ya pili.