Maswali ya Wasomaji: Kitongoji Alikozaliwa Babu wa Ireland

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu ninayeishi Massachusetts, Marekani, ambako nimeolewa katika ukoo wa Sullivan. Baba mkwe wangu, ambaye umri wake umepita miaka 80, ni kitukuu wa mtu aliyetoka Ireland wakati wa njaa kuu, na kabla hajafumba macho anatamani kujua babu yule alizaliwa mahali gani hasa. Tunazo hati mbili tu: cheti cha uraia cha mwaka 1858, kinachosema kwamba aliukana utii wake kwa Malkia wa Uingereza, na kumbukumbu ya kifo chake, ambayo mahali pa kuzaliwa imeandika “Ireland” na basi. Wazee wa nyumbani wanasema alitoka Cork. Nimelitafuta jina lake katika orodha za abiria wa meli nikapata watu zaidi ya kumi wenye jina hilohilo na umri unaokaribiana. Nianzie wapi?
Mkaza mwana, Massachusetts

JIBU: Dada yetu, anzia hapohapo ulipo, wala usivuke bahari bado. Wengi hukimbilia nyaraka za Ireland wakiwa na jina la mtu na jina la nchi peke yake, nao hurudi mikono mitupu, kwa sababu nyaraka za kule zimepangwa kwa mahali. Kisiwa kina kaunti 32. Kila kaunti imegawanyika katika parokia, na ndani ya parokia kuna vitongoji, ambavyo kwa jumla yake ni zaidi ya 60,000. Kitongoji ndicho kilichokuwa anwani ya mkulima wa karne ya 19, naye akiulizwa kwao ni wapi alikitaja hicho kabla ya kutaja kaunti. Bila jina la kitongoji, au angalau la parokia, hamtaweza kumtenga Sullivan wenu na maelfu ya akina Sullivan wengine, kwa kuwa jina hilo ni miongoni mwa majina yaliyoenea mno katika kaunti za Kerry na Cork.

Neno la wazee kwamba alitoka Cork lisitupwe, lakini lipimwe. Bandari ya Cove, iliyopewa jina la Queenstown mwaka 1849 na ambayo leo huandikwa Cobh, imo katika kaunti ya Cork, na mtu aliyepandia meli hapo aliweza kusimuliwa na wajukuu zake kuwa ni mtu wa Cork hata kama aliteremka kutoka Kerry au Limerick. Isitoshe, katika miaka ile ya njaa wahamiaji wengi walivuka kwanza hadi Liverpool ndipo wakapanda meli ya Marekani, kwa hiyo bandari haitoshi kuwaambia kwao ni wapi.

Hati mlizo nazo ni za kweli, ila hazikuandikwa kwa ajili ya swali lenu. Kabla ya Septemba 1906 kila mahakama ya Marekani iliweza kutoa uraia kwa fomu yake yenyewe, na jambo lililohitajika ni mwombaji kuukana utii kwa mtawala wake wa zamani. Kijiji chake hakikumhusu karani. Orodha za abiria nazo, ambazo manahodha walitakiwa kuziwasilisha kuanzia mwaka 1820, kwa miaka mingi ziliandika jina, umri, kazi na nchi tu. Hata mngefanikiwa kumtambua babu yenu kati ya wale zaidi ya kumi, mngepata tarehe ya kuwasili na jina la meli, si jina la kitongoji. Watu wengi huitafuta orodha ya abiria kwanza, nami naona hiyo ndiyo ya kutafutwa mwisho.

Tafuteni jina la mahali katika karatasi za ndugu na majirani zake. Watu wa Ireland hawakuhama mmoja mmoja kama mbegu zinazopeperushwa na upepo. Aliyetangulia alifanya kazi, akaweka akiba, akatuma nauli ya anayemfuata, na waliofuata wakapanga nyumba mtaa uleule na kusali kanisa lilelile. Kwa hiyo yule ambaye karatasi zake zimetaja parokia anaweza kuwa dada yake aliyefia mji wa pili, au shemeji yake, au mpwa aliyekuja nusu karne baadaye. Mpwa kama huyo, akiwa alifika baada ya mwaka 1907, ana thamani kubwa kuliko babu mwenyewe, kwa sababu kuanzia wakati huo orodha za abiria ziliuliza mahali pa kuzaliwa pamoja na jina na anwani ya jamaa wa karibu aliyebaki nyumbani.

Anzeni na kanisa. Ombeni rejista ya ndoa ya babu na rejista za ubatizo za watoto wake wote, wala msiridhike na yule mmoja ambaye ukoo wenu umetokana naye. Baadhi ya mapadri waliandika parokia za Ireland ambako bwana na bibi harusi walitoka. Na hata pasipoandikwa hivyo, wasimamizi wa ubatizo kwa kawaida walikuwa ndugu au watu wa kwao, kwa hiyo andikeni majina yao yote na kuyafuatilia. Massachusetts ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kwa jimbo zima mwaka 1841, na kumbukumbu za ndoa na vifo mara nyingi hutaja wazazi. Jina la ubini la mama ndilo mtakalolililia zaidi, kwa maana Sullivan aliyezaliwa na Sullivan ni wengi, lakini Sullivan ambaye mama yake ni wa ukoo fulani usio wa kawaida huenda akawa mmoja tu katika parokia nzima. Kisha nendeni makaburini kwa miguu. Wahamiaji wa kizazi kile walipenda kuchonga kaunti na parokia yao juu ya jiwe, na jiwe la jamaa aliyezikwa ubavuni mwa babu linaweza kusema ambalo lake limenyamaza.

Kwa kuwa mko Massachusetts, msiliache gazeti la Boston Pilot. Kati ya mwaka 1831 na 1921 gazeti hilo lilichapisha matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta jamaa zao waliopotezana nao Marekani: mke anamtafuta mume aliyekwenda kujenga reli, kaka anamtafuta dada yake. Mtafutaji alitaja parokia, kaunti, mwaka wa kusafiri, pengine hata meli, ili mtu yule asichanganywe na mwenye jina kama lake. Maelfu ya matangazo hayo yamekusanywa na yanaweza kutafutwa kwa jina katika intaneti. Kuyasoma kunauma, kwa sababu nyuma ya kila tangazo kuna mtu aliyesubiri barua isiyofika.

Kama kuna ndugu aliyebaki New York, tafuteni pia madaftari ya Emigrant Savings Bank, benki iliyoanzishwa mwaka 1850 kwa ajili ya wahamiaji hasa wa Ireland. Ili kumtambua mwenye akiba, ambaye mara nyingi hakujua kuandika, karani alimuuliza alizaliwa wapi, alifika kwa meli gani, wazazi wake ni akina nani na ndugu zake wako wapi, kisha akayaandika yote. Ni kwa madaftari hayo watafiti waliweza kuonyesha kwamba wakazi wengi wa mtaa wa Five Points, huko New York, walikuwa wapangaji wa shamba la Bwana Lansdowne huko Kenmare, kaunti ya Kerry, waliolipiwa nauli na wakala wa mwenye ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1850 ili waondoke. Miongoni mwao akina Sullivan walikuwa wengi sana. Sisemi kwamba babu yenu ni mmoja wao, lakini ukoo wenu una sababu ya kuitazama Kenmare kwa makini.

Mkishalipata jina la mahali, hata likiwa limeandikwa ovyo na karani aliyelisikia tu, ndipo mvuke bahari. Makadirio ya Griffith, yaliyofanywa kati ya mwaka 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi ya ardhi, yanataja kila mwenye nyumba au shamba kitongoji kwa kitongoji, pamoja na aliyempangisha. Babu yenu huenda alikwisha kuondoka, ila baba au kaka yake anaweza kuwamo. Rejista za Kanisa Katoliki zilipigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Ireland, ambayo iliziweka wazi kwa wote bila malipo mwaka 2015, na nyingi zinafika mwaka 1880. Kwa Kerry, tovuti ya nasaba ya serikali ya Ireland imewatengenezea watafutaji faharasa ya majina.

Jambo moja lisisubiri: kama baba mkwe yu radhi, apimwe vinasaba sasa. Yeye amebeba takriban asilimia 12.5 ya urithi wa babu wa babu zenu huyo, ilhali mume wako, aliye kilembwe, ana nusu ya hiyo. Matokeo hayatawatajia kijiji, lakini yanaweza kuwaonyesha binamu wa mbali ambaye hati zake zinakitaja.

SWALI: Katika familia ya mke wangu inasimuliwa kwamba jina la ukoo, ambalo leo ni Smith, lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, babu yao alipofika akiwa kijana kutoka kaunti ya Cavan mwaka 1887. Je, kuna daftari la majina ya asili?
Mkwe wa Wacavan

JIBU: Daftari hilo halipo, ndugu, wala karani huyo hakuwapo. Ellis Island ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na abiria wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana Annie Moore kutoka Cork. Aliyeingia New York mwaka 1887 alipitia Castle Garden, kituo kilichofanya kazi kati ya mwaka 1855 na 1890. Hata huko Ellis Island maofisa hawakutunga majina, bali waliyasoma katika orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli.

Uwezekano mkubwa ni kwamba babu alikuwa Smith tangu kwao. Mac Gabhann kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, ni mwana wa mhunzi. Pengine jina hilo liliandikwa McGowan, lakini huko Cavan wengi walilitafsiri kwa Kiingereza wakawa Smith. Na kama alizaliwa mwaka 1864 au baadaye mna bahati, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo kila kizazi nchini kilitakiwa kusajiliwa pamoja na kitongoji na ubini wa mama. Mtafuteni kwa majina yote mawili. Angalieni pia majina ya kwanza, ambayo hubadilika ajabu: Bridget huwa Delia au Biddy, Honora huwa Nora, na upande wa kusini-magharibi Tadhg huandikwa Timothy, Diarmaid akawa Jeremiah.

SWALI: Nimeambiwa nyaraka zote za Ireland ziliteketea mwaka 1922, kwa hiyo kutafuta ni kazi bure. Ni kweli?
Msomaji aliyekata tamaa

JIBU: Si zote. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika jengo la Four Courts mjini Dublin iliungua, na humo zilipotea karibu sensa zote za mwaka 1821 hadi 1851, wosia wa karne nyingi na rejista nyingi za Kanisa la Ireland, yaani lile la Kianglikana. Sensa za mwaka 1861 hadi 1891 hazikuangamizwa na moto huo. Zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Rejista za Kikatoliki zilikuwa parokiani, usajili wa vizazi ulitunzwa kwingine, na Makadirio ya Griffith yalikuwa yamechapishwa, kwa hiyo vyote hivyo vipo. Sensa za mwaka 1901 na 1911 zipo pia, na husomwa bila malipo: ukikijua kitongoji, utamkuta humo ndugu aliyebaki, umri wake, lugha aliyozungumza na idadi ya vyumba vya nyumba ambayo babu yako huenda alizaliwa ndani yake.