Nissan Leaf ya Japani inaweza kuwasha nyumba stima zikipotea?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Niko Mombasa, upande wa Bamburi. Nina Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri 40, ilikuja kutoka Japani. Kwetu stima zinapotea mara kwa mara na mimi nina friza ya biashara, nauza barafu na juisi za kugandisha, zikikosekana usiku kucha ni hasara tupu. Nimeona video za watu Japani na Marekani wanawasha nyumba nzima na gari. Kuna fundi mtaani ameniambia ataniundia waya wenye plagi kila upande, upande mmoja nachomeka kwa inveta ya gari, wa pili kwa soketi ya sebuleni, nyumba yote iwake. Ni sawa? Na betri ya gari haitakufa mapema?

JIBU: Waaleikum salaam dada, pole na giza. Naanza na huo waya manake ndio unaoweza kuua mtu. Mwambie huyo fundi hapana, na kama ameshauunda ukate.

Ukichomeka plagi moja kwa inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa stima za nyumbani), ile ya pili ikichomoka kwa bahati mbaya vyuma vyake viko nje wazi na vina volti 240, mtoto akishika basi. Hiyo moja. Ya pili ni kwamba stima unayoingiza kwa soketi ya sebuleni haijui kuishia kwa nyumba yako, inarudi mpaka kwa breka kuu, ikiikuta iko on inapita mita inatoka kwa laini ya mtaa. Tranfoma ya nje inashusha volti 11,000 kuwa 240, lakini ukiilisha kinyume nayo inafanya kazi kinyume, 240 yako inapanda kuwa maelfu. Yule kijana wa emajensi amepanda nguzo akijua laini imezimwa, wewe ndio umeiwasha. Utaniambia utakumbuka kuzima breka kuu kila mara, sawa, na usiku wa manane ukiwa na usingizi? Na mgeni je? Halafu stima za kawaida zikirudi ghafla zikakutana na za inveta yako, inveta inapasuka hapohapo.

Njia halali ni chenjiova, swichi yenye pande mbili ambazo haziwezi kuguswa zote kwa wakati mmoja, ama unatumia stima za gari ama za Kenya Power, hakuna katikati. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na usimuachie aguse bila kupima.

Sasa zile video. Wajapani hawakudanganya, Leaf kweli inaweza kutoa stima. Baada ya lile tetemeko na tsunami ya 2011 kule kwao watu walikaa bila umeme huku magari yamejaa chaji nje, Nissan na kampuni ya Nichicon wakaleta mwaka 2012 sanduku la kufungwa ukutani, linachomekwa kwa ile tundu kubwa ya Leaf ya chaji ya haraka, CHAdeMO, na linatoa mpaka kilowati 6 kwa nyumba. Gari yako ina hiyo tundu na ina uwezo huo tangu kiwandani. Shida ni sanduku. Nyumba za Japani zinatumia volti 100 na 200, sisi hapa ni 240, kwa hivyo ukiona mtu anauza sanduku kuukuu la Japani eti bei poa, pita. Yale ya Ulaya ni volti zetu lakini mengi yalitengenezwa ya kurudisha stima kwa gridi, na gridi ikipotea yanajizima yenyewe kwa usalama, yaani saa ile unayoyahitaji ndio yanalala. Wamarekani nao wanaonyesha Ford F-150 Lightning inayotoa kilowati 9.6, lori kubwa lenye mtambo wake wa nyumbani uliofungwa na kampuni, hiyo si hesabu yako.

Na Leaf ya 2018 haina ile V2L, soketi ya kutolea stima za kawaida kama unayoikuta kwa BYD Atto 3 au Hyundai Ioniq 5. Ungekuwa na moja ya hizo ningekuambia nunua adapta yake, inatoa kilowati 3 na kitu za volti zetu, chomeka friza, maliza.

Kinachobaki kwako ni ile betri ndogo ya 12V iliyo chini ya boneti. Gari ikiwa kwa READY, yaani umekanyaga breki ukabonyeza pawa mpaka ile alama ya kijani ya gari ikawaka kwa dashibodi, betri kubwa inailisha hii ndogo muda wote kupitia kifaa chenye uwezo wa zaidi ya wati 1,500. Lakini hizo si zako zote, gari yenyewe inakula humo humo, kwa hivyo mimi nasema usivuke wati 1,000. Unafunga inveta ya wati 1,000 kwa betri ndogo, na hakikisha boksi imeandikwa "pure sine", zile za bei rahisi zisizo na hayo maneno zinafanya mota ya friza ilie na ipate moto mpaka iungue. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 85 hivi, si mchezo, waya uwe mnene wa milimita 25 za mraba na mfupi usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 100 ikae karibu kabisa na betri, si karibu na inveta, manake inalinda waya. Usifunge na vile vibano vya kujampia gari, vinalegea, vinapata moto. Inveta iwekwe pahali penye hewa.

Kosa ambalo watu wengi wanafanya hapa ni kuacha gari kwa ON tu au ACC badala ya READY. Taa za dashibodi zinawaka wanadhani iko sawa, kumbe betri kubwa haijaunganishwa na ile ndogo inaisha ndani ya saa moja, sasa huna stima na gari haiwaki pia. Na Leaf haikubali READY ikiwa waya wa chaji umechomekwa, kwa hivyo chomoa kwanza. Usalama pia, gari iliyo READY mtu akiingia anaondoka nayo hata kama rimoti uko nayo ndani kitandani. Egesha ndani ya geti, breki ya kuegesha imekazwa, na mlango wa dereva ufunge na ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti.

Hesabu sasa, na nitatumia yuniti zilezile unazonunua za tokeni manake ni kitu kimoja na kilowati-saa za betri, betri ya 40 ni yuniti 40 ikiwa mpya. Yako ya 2018 na imekaa joto la Pwani, tuseme imebaki na 33, unaweza kuhakikisha kwa kununua kile kidude cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari na programu ya simu ya LeafSpy, utaona SOH, yaani afya ya betri, ni asilimia ngapi. Toa 10 za kubaki nazo za kuendesha, usijimalize mpaka ukashindwa kumpeleka mtu hospitali. Unabaki na 23.

Friza ya kawaida ya kulala kwa joto la Bamburi inakula kama yuniti mbili kwa siku, ukiongeza taa za LED, waifai, feni mbili za usiku na tivi kidogo unafika nne. Kwa hivyo siku tano, si ndio? Hapana. Gari ikiwa READY imesimama tu inakula yenyewe kama wati 200, kompyuta zake na mapampu na taa, hata eesi ikiwa imezimwa (na izime). Wati 200 kwa saa 24 ni karibu yuniti 5. Unaona, gari inakula zaidi ya nyumba! Ukijumlisha na zinazopotea ndani ya inveta unamaliza zile 23 kwa siku mbili na kidogo.

Ndio maana mimi siwashauri watu waache gari READY siku nzima. Kama una uwezo nunua mtambo mdogo wa nyumbani, inveta yenye chaja ndani na betri ya lithiamu ya 24V ampea-saa 100 (Ah), hiyo inabeba yuniti mbili na nusu. Nyumba inakula kutoka kwa hii, kimya, gari imezimwa. Asubuhi unawasha gari masaa matatu inajaza betri, jioni masaa matatu tena, unazima. Hapo gari inakula yuniti moja na kitu badala ya tano, na zile 23 zinafika siku tatu na nusu hivi. Stima za kawaida zikiwepo mtambo unajichaji kutoka kwa Kenya Power, na zikipotea usiku hata huamki, friza haijui kitu.

Kuna jambo moja la kuseti hapo na mafundi wengi hawaliseti. Mtambo wa ndani ukipata stima kutoka kwa gari unafanya mambo mawili kwa pamoja, unachaji betri na pia unapitisha stima za friza na feni moja kwa moja. Ukiacha chaji kwa ampea 60 kama ilivyotoka dukani, hiyo peke yake ni wati 1,600, inveta ya gari inalia na kuzima. Ingia kwa menyu ushushe chaji iwe ampea 20, hiyo ni wati 540 hivi, unabaki na nafasi ya friza kustuka. Friza inayokula wati 120 ikiwa inatembea inaweza kuvuta mara tano au sita ya hizo sekunde ile mota inaanza. Na menyu hiyohiyo, pale pa stima zinazoingia, weka APL badala ya UPS, la sivyo mtambo utakataa stima za gari useme ni chafu.

Vitu vya kusahau kabisa: shawa ya maji moto, hiyo ni kilowati 5 na zaidi, pasi, birika la stima, maikrowevu. Pampu ya tangi ya nusu hospawa inawezekana ikiwa mtambo wako wa ndani ni wa kilowati 3, lakini isiwashwe moja kwa moja na inveta ya gari, kustuka kwake kutaizima.

Kitu kingine cha kupimwa ni ethi. Inveta nyingi ndogo nyutro yake inaelea, haijaunganishwa na ardhi, kwa hivyo ile swichi ya kulinda mtu asipigwe na shoti inaweza isifanye kazi ukiwa unatumia stima za gari hata kama inafanya vizuri ukiwa na za kawaida. Fundi abonyeze kile kitufe cha kupimia na kifaa chake pia akiwa amewasha kwa gari, si kwa Kenya Power peke yake. Kuunganisha nyutro na ethi kunafanywa pahali pamoja tu na si kwa kila inveta, zingine ukiziunganisha zinaungua, asome kitabu chake. Hili naliweka pia kwa wenye BYD na Hyundai wanaotaka kupitisha V2L kwa saketi za nyumba.

Kuhusu betri kuchakaa, hilo lisikukoseshe usingizi. Ukienda Malindi kwa mwendo wa 80 gari inavuta kama kilowati 12, hapa unavuta nusu kilowati au moja, betri haihisi hata. Kinachoiua Leaf huku kwetu ni joto, manake betri yake haina maji ya kupoza kama magari mengine, na kuikalisha imejaa asilimia 100 juani kila siku. Kwa hivyo usiijaze mpaka mwisho kila usiku eti kuogopa giza. Iweke 70 au 80 kwa kawaida, ijaze ukisikia tangazo la kukatwa au mvua kubwa inakuja. Ile giza ya nchi nzima ya Agosti 25, 2023 hakuna aliyetangaziwa, lakini hata 70 ingekuvusha.

Na kabla hujatumia pesa, jaribu hili la bure. Friza ikiwa imejaa barafu ngumu na haijafunguliwa inakaa imeganda siku nzima bila stima, ikiwa nusu tupu ndio inayeyuka haraka. Jaza nafasi zilizo wazi na chupa za maji za plastiki, acha pa kuvimbia. Usiku stima zikipotea usifungue kuchungulia, na juisi mpya usiingize mpaka zirudi. Kama kwenu zinapotea masaa sita au nane tu basi huenda friza haikuhitaji gari kabisa, unahitaji feni na taa, na hizo inveta ya wati 300 inatosha. Andika wiki mbili hivi saa zinapopotea na zinaporudi, halafu nitumie pamoja na ile SOH na karatasi ya nyuma ya friza inayoonyesha wati, nikuambie mtambo wa ukubwa gani.