Mnaacha mazoezi mapema: maswali yenu kuhusu maumivu ya kiuno

Dokta, mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Nilifanya mazoezi ya mgongo wiki tatu, maumivu yakaisha, nikaacha. Sasa yamerudi. Ina maana mazoezi hayakunifaa?

Yalikufaa, ndugu yangu, ndiyo maana ulipata nafuu. Tatizo uliyaacha. Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, na zinaniuma, kwa sababu kazi ngumu mnakuwa mmeshaifanya. Mazoezi hayana dozi ya kumaliza kama vidonge. Maumivu yanaweza kuisha ndani ya wiki chache, lakini misuli inahitaji miezi kujengeka, na ukiitelekeza inalegea tena. Anza upya kwa nusu ya ulichokuwa unafanya. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu hadi tano, shusha, mara 10. Kisha piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu badilisha. Dakika 10 zinatosha. Ukipona, punguza hadi siku tatu kwa wiki, lakini usifute. Na kijiweni usikae juu ya pikipiki muda wote, shuka, tembea.

Ninunue mkanda wa mgongo?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda kwa maumivu sugu ya kiuno. Hela hiyo nunua mkeka.

Nikifanya zoezi nasikia maumivu. Niendelee?

Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si dalili kwamba unajiumiza. Yakishuka mguuni au yakizidi hadi siku ya pili, punguza idadi, na umwone fiziotherapisti, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akuangalie unavyofanya. Ila msimeze dawa ya maumivu ya diklofenaki kila siku ili mweze kufanya mazoezi. Inachubua tumbo na kuumiza figo.

Mimi ni mama lishe, naamka saa kumi usiku. Muda nitautoa wapi?

Mama, usiutafute muda mpya. Fanya wakati maji ya chai yako jikoni, mkeka ukiwa umeshautandika tangu jana usiku. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku unayofanya. Ukiruka siku moja, endelea kesho yake. Wengi huruka moja, wakakata tamaa, wakaacha kabisa. Kutembea nako kunahesabika. Utafiti wa Australia uliotoka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Nusu ya waliopewa mpango wa kutembea walivuka siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Kwa wenzao ilikuwa siku 112. Basi ukienda sokoni asubuhi, shuka kituo kimoja kabla.

Baba ana miaka 62. Kiuno kinamuuma hata akilala, jioni anapata homa, na amekonda. Tumfundishe zoezi gani?

Hakuna. Mpelekeni hospitali wiki hii, apimwe na kifua kikuu pia, maana ugonjwa huo hushika hata pingili za mgongo. Na akianza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, akapata ganzi sehemu za siri, au miguu ikaisha nguvu, msingoje kupambazuke. Mpelekeni usiku huohuo.