Uzi wa tatu wa gitaa unashuka sauti kila saa, ninunue tyuna mpya?

SWALI: Mambo vipi fundi, gitaa langu la umeme nikipiga nyimbo mbili tu uzi wa tatu ushashuka, nikivuta nyuzi kwenye solo ndo kabisa. Ninunue tyuna (vile vya kuzungusha kichwani kukazia nyuzi) zile za kubana uzi?

JIBU: Poa, ila usitoe hela kwanza. Tyuna zinasingiziwa sana, mara nyingi mkosaji ni nati, kile kipande chenye mifereji nyuzi zinapopita kwenda kichwani. Ukikaza ukasikia "tik" ujue uzi unanasa, paka unga wa penseli mferejini, na kwenye magitaa yenye kichwa cha tyuna tatu kila upande uzi wa tatu ndo msumbufu zaidi maana unapinda sana pale. Uzi mpya uvutevute kwa mkono mpaka uache kushuka, zungusha kwenye nguzo ya tyuna mara mbili tatu hivi, sio kumi jamani, na siku zote fikia noti kutokea chini.

Tyuna ikiwa inachezacheza hata ukikaza skrubu zake, hapo sawa, badilisha. Pima tundu la tyuna pale kichwani kabla ya kununua: nyingi za kisasa zinataka milimita 10, za mtindo wa zamani ni ndogo kidogo, halafu cheki na matundu ya skrubu kwa nyuma yanaendana.