Usiniombe Jina la Farasi

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Majengo, Moshi. Anaandika: "Shikamoo kaka. Umekaa na farasi miaka 11, hebu nitajie mmoja tu wa uhakika kwa mbio za Cheltenham, mengine niachie mwenyewe." Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma nikiwa nimeshika mguu wa farasi mapajani, nachokoa tope kwenye kwato, na nimekaa siku mbili bila kujibu. Swali hilo naulizwa kila mwaka Machi ikikaribia. Na mimi mwenyewe nililiuliza kwa watu wasiojua chochote, tena nikiwa na jibu langu mkononi.

Kwa mgeni wa mambo haya: mimi ni saisi. Kazi yangu iko Usa River, barabara ya Moshi. Nalisha, nasugua, nasafisha mabanda, nawatembeza farasi alfajiri kabla wageni hawajafika kupanda. Hakuna mbio za kuruka viunzi hapa kwetu. Tunazifuatilia kwenye simu na televisheni, mbio za Uingereza na Ireland, na kilele chake ni Cheltenham, siku nne kila Machi, halafu Grand National kule Aintree mwezi wa Aprili.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa na farasi wake wawili hapo kwetu. Sasa amerudi kwao. Jioni tulikuwa tunakaa juu ya marobota ya nyasi, anafungua orodha ya wakimbiaji, anaweka kidole kwenye tarakimu zilizo kando ya jina. Namba ya mwisho kulia ndiyo mbio za karibuni, akaniambia, anzia hapo urudi nyuma. Moja ni ameshinda, mbili ni wa pili, sifuri ni kuanzia wa kumi kwenda chini. Kistari kinatenganisha msimu na msimu. Halafu zipo herufi, na hapo ndipo alipokuwa ananibana. F ni ameanguka. U ni amemtupa joki. P ni joki amemsimamisha njiani. R ni amekataa kuruka. B ni ameangushwa na mwenzake.

"Huyu ana F, yule ana B," ananiuliza. "Nani mwenye kosa?"

Mwenye B hana kosa, aliparamiwa. Lakini mtu wa haraka anaona herufi tu, anawakata wote wawili. Nilijifunza kwa namna hiyo karibu miaka mitatu, nikawa na daftari langu.

Sasa nikupeleke Machi 11, 2025, siku ya Jumanne. Ni siku ya kwanza ya Cheltenham. Mbio ni Champion Hurdle, za kuruka viunzi, kama kilomita 3.3, farasi saba. Dunia nzima ilikuwa kwa Constitution Hill, mbio kumi ushindi kumi, bingwa wa 2023. Kando yake State Man, bingwa wa 2024. Kisha jike wa Ireland, Brighterdaysahead, watu wakimwogopa. Na huko chini kabisa, jike mwingine anaitwa Golden Ace, odi 25 kwa 1, yaani akishinda, kila shilingi inakuletea 25 za faida.

Daftari langu lilikuwa na mstari mmoja juu ya Golden Ace, nimeupigia mistari miwili chini: "Machi 2024, uwanja huu huu, alimshinda Brighterdaysahead." Uwanja ule ule wenye mlima wa mwisho unaowakata pumzi. Isitoshe, jike akikimbia na madume hapo hupunguziwa mzigo wa pauni 7, kama kilo 3 na kidogo. Mimi hubeba tandiko kila siku, najua kilo 3 mgongoni mwa farasi aliyechoka ni kitu gani.

Nikaenda kijiweni kuangalia mbio na daftari langu. Kosa langu lilianzia hapo: niliwasomea. Walicheka mpaka mmoja akaweka kikombe chini. "Saisi wa Usa ndiye atawafundisha Waingereza farasi?" Wakaendelea na hilo neno, saisi, kana kwamba ni tusi. Mimi nimewalea farasi hawa tangu wanazaliwa. Nimelala bandani usiku mzima na farasi anayeumwa tumbo, namtembeza asilale chini mpaka kunapambazuka. Lile cheko nalisikia mpaka leo.

Nikafunga daftari. Nikaweka shilingi 60,000 kwa Constitution Hill, kwa odi ndogo ambayo hata ningeshinda ningeongeza kama nusu yake tu. Na hizo 60,000 zilikuwa za mbegu ya mahindi na za mwenye trekta. Mawingu yalishaanza kushika Meru, majirani wameshapiga jembe.

Kiunzi cha tano, Constitution Hill akaanguka. Kijiwe kikanyamaza. State Man akabaki mbele, anakuja vizuri, anakwenda kuchukua tena. Kiunzi cha mwisho kabisa, naye chini. Golden Ace akapita, joki Lorcan Williams mgongoni, akaumaliza mlima peke yake. Mkeka wangu ulikuwa umeshachanika zamani. Daftari lilikuwa mapajani, nimelifunga, na kidole changu bado kiko kwenye ukurasa ule.

Nisikudanganye: wale wawili wangesimama, sidhani kama jike yule angewapita. Lakini mbio hizi ni za kuruka. Kusimama mpaka mwisho ni sehemu ya uwezo wa farasi kama kasi ilivyo, na anayepanga hesabu zake kana kwamba wote watafika salama anapanga mbio za aina nyingine. Kabla hujatazama odi ya farasi, jiulize kwanza: viongozi wawili wakianguka, nani yuko nyuma yao mwenye sababu ya kuwepo pale? Mimi jibu nilikuwa nalo kwa kalamu yangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizofuata sikugusa mkeka. Nilirudi kwenye daftari.

Grand National ilikuwa Jumamosi, Aprili 5. Ile ni shughuli nyingine kabisa: farasi 34, vizuizi 30, karibu kilomita 6.9. Na vizuizi vya aina hii si kama viunzi vya Champion Hurdle. Kiunzi ni cha mita moja na kidogo, farasi akikigonga kinalala. Vile vingine vinapita mita 1.3, farasi lazima ainue mwili mzima. Sikutafuta mshindi. Nilianza kukata. Aliyekuwa hajawahi kuonyesha pumzi kwenye mbio ndefu, kata. Mwenye F na U zilizofuatana, kata, isipokuwa niikute ile mbio niangalie ilikuwaje. Aliyetoka likizo ndefu, kata. Usiku wa Ijumaa nilibaki na sita.

Mmoja wao ni Nick Rockett. Januari alikuwa ameshinda Thyestes kule Gowran Park, Februari akashinda Bobbyjo pale Fairyhouse, zote mbio ndefu za Ireland, zote za mwaka huo huo. Maana yake yuko moto na pumzi anayo. Alipangiwa pauni 162, yaani kilo 73 na nusu, mzigo wa kweli, lakini hizi ni mbio za kusawazisha, mwenye uwezo ndiye anayebebeshwa zaidi ili wenzake wapate nafasi. Watu wanauogopa uzito mkubwa bila kujiuliza kwa nini amepewa.

Niliweka shilingi 3,000. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Akashinda kwa 33 kwa 1, juu yake Patrick Mullins, mtoto wa mkufunzi wake Willie Mullins, na ni joki wa ridhaa, halipwi kwa kupanda. Baba mtu alilia mbele ya kamera, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyempanda mshindi, na farasi wa banda lake walishika nafasi zote tatu za kwanza. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye giza karibu na mkondo wa maji. Niliona fahari, sifichi. Yule saisi wa Usa alikuwa amesoma sawasawa.

Fedha ilipoingia nikaenda dukani kwa mbegu. Mahindi ya jirani yalikuwa yameshatoka, majani matatu manne. Nikaambiwa nimechelewa, nikapanda maharage.

Kwa hiyo mdogo wangu, unaona kwa nini sikutumii jina. Nakutumia kazi. Soma tarakimu kutoka kulia. Soma herufi moja moja na ujue nani mwenye kosa. Angalia kama alishawahi kushinda uwanja ule na umbali ule. Halafu uangalie ardhi. Tuna dume mmoja mweusi hapa, barabara ikikauka hakuna wa kumfikia, lakini mvua ikinyesha na udongo wetu ukawa kama ugali wa moto, anakanyaga kwa hofu, kichwa juu, anapitwa na jike mzee anayeinua magoti yake taratibu na kuchomoa kila mguu. Farasi ni yeye yule, ardhi ndiyo imebadilika. Kule Cheltenham wanatangaza hali ya ardhi kila asubuhi, na mvua ya usiku mmoja inaweza kufuta kazi yako ya wiki nzima. Ikibadilika, rudi kwenye orodha uanze upya kukata. Usione uvivu.

Na wakiwazungusha kabla ya mbio, tazama masikio na jasho. Farasi aliyelowa povu shingoni kabla hajaanza ameshakimbia mbio zake pale pale.

Vijana tunapenda jina. Jina halichoshi, unalituma kwenye kundi na kila mtu anakuwa mjuzi. Kisha likianguka tunasema tumeibiwa. Hakuna aliyekuibia, hukusoma. Na fedha ya mbegu, ya ada, ya kodi ya chumba, haikai kwenye mkeka hata kama farasi ameshinda mara kumi kati ya kumi. Nakwambia kama mtu aliyepanda maharage mahali pa mahindi.

Mbio zikikaribia na orodha ikatoka, chukua Champion Hurdle peke yake. Nitumie farasi watatu uliowakata, na sababu ya kila mmoja kwa sentensi moja. Usiniandikie unayemtaka. Nitakujibu usiku huo huo, nikishamaliza kuwafunika farasi.